Kitufe cha Niko Hai

Inatangazwa kwa wananchi wote wenye umri wa kustaafu, na wale wanaoukaribia kwa mwendo wa kawaida, kwamba kuanzia sasa kuwa hai kutakuwa na mwonekano.

Hayo ndiyo maneno yaliyofungua tangazo letu, na niliyaandika mimi, Ekow Abakah, Mkurugenzi Msaidizi wa Mwonekano katika Wizara ya Uthibitisho wa Uhai, Accra. Nayaeleza haya yote kwa sababu mjini kuna watu wanacheka, na serikali haijatoa kibali cha kucheka.

Kwa wasiojua, wizara yetu inashughulikia suala moja tu: nani yuko hai. Kila mwaka, kabla Juni haijaisha, mstaafu anatakiwa kutujulisha kwamba bado anapumua. Asipotujulisha, mfumo wenyewe unamwandika marehemu na pensheni yake inakatika. Hatuna ubaya na mtu. Aliye hai athibitishe, na aliyekufa asitusumbue.

Zamani wazee walithibitisha kwa kutumia ukurasa wa simu uliotengenezwa na binti mmoja wa kitengo cha kompyuta, Esinam Dotse. Aliuandika kwa mkono, mstari kwa mstari, akiiambia kompyuta kwa maneno kila kitu kikae wapi, na kioo kikiwa kidogo kihamie wapi. Ulikuwa ukurasa mtupu. Juu maandishi meusi: "Mimi, mstaafu, niko hai." Chini yake kitufe kimoja cha kijani, kikubwa kiasi kwamba hata mwenye mtoto wa jicho angekipata kwa kupapasa. Ukikibonyeza, unajibiwa: "Asante. Tumekuona. Endelea kupumzika." Basi. Hakuna nembo, hakuna salamu za kiongozi, hakuna picha. Ungedhani nchi inajiendesha yenyewe.

Wazee waliupenda, jambo lililotutia wasiwasi.

Ndipo Waziri wetu, Mheshimiwa Tawiah Ampadu-Brako, akarudi kutoka kwenye mkutano wa nje na programu mpya. Alituita wote ukumbini. Ukutani pana runinga kubwa kama kitanda cha watu watatu, na mlangoni pana kapu la kukusanyia simu, kwa kuwa itifaki ya wizara hairuhusu simu kuingia mahali alipo Waziri. Mheshimiwa alishika kipanya, akalinasa duara jekundu, akaliburuta kutoka kushoto hadi kulia, akaliachia. Tukapiga makofi. Akalirudisha kushoto. Tukapiga tena.

"Mmeona?" alisema, akihema kidogo. "Hakuna kuandika. Unashika, unavuta, unaachia. Hii ndiyo kazi ya mtu mwenye heshima zake."

Esinam alinyoosha mkono. Huyu binti ana tabia ya kunyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hiyo programu ni nzuri, hata mimi huchorea humo kabla sijaanza kuandika. Ila ni ya kuchorea. Ukiweka kitu pale, kinabaki palepale. Kioo kikiwa kidogo, kitu kinaachwa nje."

"Kinaachwa nje na nani?"

"Na kioo, Mheshimiwa."

"Kioo gani hicho chenye ubavu wa kukiacha nje kitu kilichowekwa na Waziri?"

"Cha simu. Wazee wote wanatumia simu. Labda tuwagawie runinga kama hii, watembee nazo kichwani."

Ukumbi uliguna. Mheshimiwa alitabasamu kwa namna ambayo kwetu huhesabiwa kuwa hatua ya kinidhamu, na siku hiyohiyo ikatoka Amri Namba Moja ya Mwonekano. Niliiandika mimi na bado najivunia lugha yake: ni marufuku kwa mtumishi yeyote kuandika mpangilio wa ukurasa kwa mkono, na amri hii itafutwa kwa saini ya Waziri aliye hai na si vinginevyo. Hayo maneno "aliye hai" tunayaweka katika kila waraka. Ni mtindo wa nyumba.

Ikabaki shida ndogo, kwamba wizarani hapakuwa na mtu anayejua kuburuta. Tukamleta Fiifi Quansah wa Kaneshie, kijana ambaye ameburuta maisha yake yote. Ukiona bango la tanzia kwenye ukuta wowote wa Accra, marehemu katikati, mawingu nyuma, njiwa wawili, na chini majina ya wafiwa na miji wanakoishi, kwa ukubwa wa vyeo vyao, ujue uwezekano ni mkubwa kwamba ni kazi ya Fiifi. Nilimuuliza kuhusu uzoefu wake.

"Bosi," alinijibu, "tangu nianze hii kazi, sijawahi kulalamikiwa na niliyemtengenezea."

Tulimwajiri papo hapo.

Kazi ilikwenda vizuri sana. Picha ya Mheshimiwa tuliipata kwa shida, kwa sababu Jumamosi zake zote ziko mazishini na katikati ya wiki hapendezi. Iliyokuwa nzuri kuliko zote alipigwa kwenye msiba wa baba mkwe wake, amejifunga kitambaa cheusi na chekundu begani, uso mtulivu. Fiifi aliiburuta hadi kushoto, akaitanua.

"Nyuma yake panataka kitu," alisema Mheshimiwa.

"Mawingu, bosi. Mtu mkubwa anakaa vizuri mawinguni."

"Weka. Na tarehe yangu ya kuzaliwa, wananchi wajue nimetoka mbali."

"Tarehe moja inapwaya, chale. Macho yanatafuta ya pili."

Basi tukaweka kistari, na mbele yake tarehe ya uzinduzi wa tovuti. Maelezo ya tarehe hizo, kwamba hii ni ya kuzaliwa na ile ni ya uzinduzi, yaliwekwa pembeni kulia palipokuwa na nafasi. Fiifi hakulipenda neno "chale", yaani rafiki yangu, kukaa kwenye kumbukumbu za kikao, lakini mimi huandika kila kinachosemwa.

Yakafuata majina. Hakuna mkurugenzi aliyekubali kuachwa, na waliowahi kwenda semina nje ya nchi walitaka miji ionekane. Kwa hiyo chini ya Mheshimiwa, kwa herufi zilizopungua kadiri cheo kilivyopungua, ilisomeka: Bibi Naa Korkoi Sowah, Naibu Waziri (London), Bw. E. Abakah (Toronto), na wengineo (Accra, Kumasi na kwingineko). Mimi Toronto nilikaa kwa ajili ya kubadilisha ndege, lakini nilikaa.

Kitufe cha "Niko Hai" hakikuwa na cheo, kwa hiyo kilipelekwa mwisho kabisa, upande wa kulia.

"Naomba tuuangalie kwa simu," alisema Esinam. "Mara moja tu. Nawasihi."

"Simu ziko kapuni," nilimkumbusha. Itifaki ni itifaki.

Siku ya uzinduzi palikuwa na bendi, juisi baridi ya sobolo na waakye, wali wa maharage, iliyofungwa kwa majani. Mheshimiwa ana miaka sitini na miwili, na kwa unyenyekevu aliagiza jina lake liingizwe kwenye daftari la wastaafu, tena la kwanza, ili aonyeshe mfano kwa kuthibitisha uhai wake kabla ya mwananchi mwingine yeyote. Alipanda jukwaani. Alinyoosha kidole. Akakibonyeza kitufe pale kwenye runinga kwa nguvu hadi runinga ikayumba. Bendi ikalipuka.

Esinam aliniinamia. "Mkurugenzi, hiyo runinga haisikii kidole. Ni runinga ya kawaida. Ni sawa na kubonyeza ukuta."

"Piga makofi," nilimwambia.

Wiki ileile nilipata mgeni. Mwalimu Agbeko alikuja kutoka mji wa Ho, amevaa soksi zilizovutwa hadi magotini kama alivyozivaa enzi zile aliponifundisha hesabu, jambo ambalo kati yetu hakuna anayelisifia. Alinikuta kwenye korido, akanisukumia simu puani.

"Ekow. Nani amekufa hapa?"

Nikatazama. Simu ilikuwa nyembamba, na upande wote wa kulia wa tovuti ulikuwa umebaki nje, popote nje ilipo. Kilichoonekana ni Mheshimiwa katika vazi jeusi na jekundu, mawingu, njiwa wawili, tarehe mbili zenye kistari katikati, na chini yake sisi sote na miji yetu. Nilijawa na heshima.

"Hakuna aliyekufa, Mwalimu. Huu ndio ukurasa wa kuthibitisha uhai."

"Uhai wa nani? Huyu anachukuliwa na njiwa!"

"Kitufe kipo kulia."

"Kulia wapi?"

"Kulia zaidi, Mwalimu."

Akaanza kusogea kulia na simu yake mkononi, hatua ndogo ndogo, macho yake yakiwa kwangu. Alipita ofisi ya mhasibu. Akapita ya masjala. Makarani wakatoka kuangalia.

"Nimefika chooni, Ekow. Niendelee?"

Makarani walicheka vibaya sana. Nilitumia lugha ya wizara. "Mwalimu, serikali haikuoni ukisimama mbele yangu. Inakuona ukibonyeza. Juni ikiisha hujabonyeza, utakuwa marehemu, na hapo tena mimi sitaruhusiwa kuzungumza na wewe."

"Nilikufundisha kuhesabu. Mimi ni mtu mmoja na niko hapa. Unapata ngapi?"

"Napata moja, Mwalimu. Lakini haijathibitishwa."

Esinam alikuwa ameusikia mzozo akaja mbio. Mwalimu Agbeko ni kaka wa mama yake, na ndiye aliyemlipia shule kwa hiyohiyo pensheni tuliyokuwa tunataka kuikata. Alisimama mbele yangu macho yamemwiva.

"Mkurugenzi, mistari michache tu. Niandike mistari michache, kioo kikiwa kidogo kitufe kije katikati. Hamtaona hata tofauti kwenye runinga yenu."

"Kwa mkono?"

"Ndiyo, kwa mkono! Kwani niandike kwa pua?"

"Marufuku."

"Mnamuua mjomba wangu kwa ajili ya mawingu!" alipiga kelele. Nami, nakiri, nilimwonea huruma. Kwa kuwa wizara haina utaratibu wa huruma, nilimshauri aiwasilishe hoja yake kwa kuburuta.

Juni ikaisha. Mfumo ukafanya kazi yake bila upendeleo. Wastaafu wote waliokosa kitufe, yaani wastaafu wote, waliandikwa marehemu, na wa kwanza kwenye daftari, kwa agizo lake mwenyewe, alikuwa Mheshimiwa Tawiah Ampadu-Brako.

Sisi tulikuwa hatujui. Jumamosi nilimsindikiza Mheshimiwa kwenye mazishi fulani, kama kawaida, na tuliporudi nyumbani kwake East Legon tukakuta barabara imefungwa. Maturubai yalikuwa yamesimamishwa. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mpaka kwa jirani. Kwaya ilikuwa inajaribu spika. Kila aliyekuwepo alikuwa ameshika simu yenye picha ya Mheshimiwa mawinguni, na kila aliyefika alimwonyesha mwenzake akisema, "Ei! Hata bango lake ni la kiserikali!"

Mheshimiwa alishuka kwenye gari. Kwaya ilikata wimbo katikati.

Mkuu wa ukoo wake, Mzee Ntow, aliyekuwa ameketi mbele na wajumbe, alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Umekuja?" alisema. "Kaa pembeni kwanza, tunakujadili wewe."

"Mzee, mimi niko hai!"

"Tunaona. Lakini ungetuarifu mapema. Nguo za msiba zimeshachapishwa uso wako. Wajukuu wa Hamburg wako kwenye ndege. Sasa tuwaambie nini, kwamba umebadilisha mawazo?"

"Nani kawaambia nimekufa?"

"Wizara yako," alisema Mzee Ntow, akainua simu. "Na majina ya wafiwa haya hapa chini. Huyu Abakah wa Toronto ndiye nani?"

Nikapiga hatua moja mbele na kuinama. Nilipewa pole na chupa ya maji.

Tulikimbilia Ikulu, na hapo mambo yakapata sura ya kisheria. Afisa aliyetupokea getini alikuwa na adabu sana. Alieleza kwamba walipoona bango hawakuliamini, kwa hiyo wakauliza mfumo, na mfumo ukasema Waziri ni marehemu. Na Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeliambia Baraza la Mawaziri kwamba mfumo wa wizara yake haukosei.

"Lakini unaniona!" alisema Mheshimiwa.

"Nakuona, mzee wangu," alisema afisa. "Ila serikali haikuoni ukisimama mbele yangu. Inakuona ukibonyeza."

Nilitambua sentensi yangu. Imesafiri vizuri. Afisa aliongeza kwamba Naibu, Bibi Naa Korkoi Sowah, alikuwa ameapishwa asubuhi kuziba nafasi, na kwamba shada la maua liko njiani.

Tukarudi wizarani kasi. Mheshimiwa alitoa simu yake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi, akafungua tovuti yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akajiona kama sisi wengine tulivyomwona. Alikitafuta kitufe. Akaigeuza simu upande, akaigeuza tena. Akaanza kusogea kulia. Mwalimu Agbeko, ambaye hakuwa amerudi Ho kwa kuwa marehemu hana haraka, alikuwa kwenye benchi la korido na wazee wenzake.

"Mbele utakuta choo," alimwambia. "Mimi nimeshafika."

Mheshimiwa alifoka. "Esinam yuko wapi? Esinam! Rudisha ule ukurasa wako!"

"Siwezi, Mheshimiwa," alisema Esinam, mikono yake ameikunja kifuani, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeletewa keki. "Niliuandika kwa mkono. Ni marufuku. Mimi natii amri."

"Naifuta amri! Nileteeni kalamu!"

Nilitaka kunyamaza, naapa. Lakini nimeifanya kazi hii miaka mingi, na sheria ikivunjwa mbele yangu naumwa tumbo.

"Mheshimiwa," nilisema, "ni saini ya Waziri aliye hai."

Kalamu ikabaki hewani. Kisha mmoja wa wazee wa benchini akacheka, na baada yake ikawa haizuiliki.

Bibi Naa Korkoi alitoka katika ofisi ambayo Ijumaa haikuwa yake. Alikuwa anakula kelewele, ndizi za kukaanga zenye pilipili, kwenye karatasi. Alisikiliza maelezo yangu yote, akatazama benchi lililojaa wazee, akajifuta vidole, akachukua kalamu kutoka kwenye mkono wa marehemu, akaifuta Amri Namba Moja kwa saini ndogo isiyo na mapambo.

"Esinam, binti yangu," alisema, "itakuchukua muda gani?"

"Umeshamaliza kula hiyo kelewele, Mama?"

Hakuwa amemaliza, na ukurasa ulikuwa umerudi. Mweupe, mtupu, wa kutia aibu. Mwalimu Agbeko alikibonyeza kitufe cha kijani kwa kidole gumba. "Asante. Tumekuona. Endelea kupumzika." Akalisoma jibu kwa sauti, akalisoma tena. Esinam alimkumbatia pale pale mbele ya viongozi, akalia bila haya. Benchi zima likaanza kubonyeza, na korido ikajaa vilio vya simu na vicheko vya watu waliofufuka.

Mheshimiwa naye alishika simu yake. Ukurasa ulikuwa umemkaa vizuri kabisa, kila kitu katikati. Kidole kilishuka, kikasimama.

Alikuwa ameyasoma maandishi makubwa ya juu. "Mimi, mstaafu, niko hai."

"Hakuna kitufe kingine?" alininong'oneza. "Cha mawaziri?"

"Mheshimiwa, kwenye daftari la wastaafu uliingia mwenyewe. Wa kwanza."

"Nisipobonyeza?"

"Shada linafika saa kumi."

Alimtazama Bibi Naa Korkoi, ambaye alikuwa amerudi ofisini na anajaribu kiti. Alinitazama mimi. Mimi nilitazama dari, ambayo inahitaji ukarabati. Mwalimu Agbeko akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

"Kaa hapa, kijana," alisema. "Bonyeza. Haiumi."

Akakaa. Akabonyeza. Simu ikalia kidogo, na kwa kuwa miwani yake ilikuwa imebaki kwenye gari la Waziri, Mwalimu ndiye aliyemsomea.

"Asante. Tumekuona. Endelea kupumzika."